Mtoto ni wa Mungu Mpaka Umri Gani

"Hivi Mama Pindo, mtoto anakuwa wa Mungu mpaka afikishe umri gani?"

Swali hilo aliliuliza jirani yake, fundi viatu, siku moja ya jua kali, misumari midogo ikiwa mdomoni na kiatu cha mtu kikiwa magotini. Aliliuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Mama Pindo alikuwa ndani, mguu juu ya pedeli ya cherehani, akishona sketi za shule. Kibanda cha fundi kilikuwa kimeegemea ukuta wa nyumba yake chini ya dirisha, kwa hiyo miaka yote hiyo walizungumza bila kuonana uso, huyu akisikia nyundo na yule akisikia cherehani. Fundi alikuwa mtu wa msikitini, Mama Pindo mtu wa kanisani, na ujirani wao ulidumu kwa sababu kila mmoja aliamini kimoyomoyo kwamba mwenzake atashangaa sana siku ya mwisho.

Mama Pindo akamjibu kwamba mtu ni wa Mungu toka tumboni mpaka kaburini, na kwamba maswali ya namna hiyo huulizwa na mtu asiye na kazi, hali viatu vya mchungaji vimelala kibandani humo mpaka vimeota ukungu. Fundi akacheka, msumari mmoja ukamponyoka. Akasema hakuuliza kwa ubaya. Ila Jumapili iliyopita, asubuhi, aliwaona kina mama wa kanisa wakitoka ibadani wanaimba kwamba uhai ni wa Mungu, na jioni yake akawaona hao hao kwenye mkutano wa kampeni wa Kipaza, uwanja wa mpira, wakiitikia kwa vigelegele kwamba mwizi akikamatwa asifike kituoni kwa polisi.

"Sasa nikasema labda kuna umri," fundi akamalizia. "Labda mtoto akishaota ndevu, Mungu anaiachia serikali."

Mama Pindo alikanyaga pedeli kwa nguvu, cherehani ikalia, na alipokuja kutazama kazi yake alikuta ameishona sketi ya watu ikafungika chini kama mfuko wa unga.

Angekuwa ni mgombea mwingine, angecheka na fundi yakaisha. Lakini Kipaza hakuwa mtu baki. Alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, kitinda mimba. Mama yao alipofariki, Mama Pindo alikuwa bado msichana wa kuchezea vumbi, na ndiye aliyembeba mgongoni, akampoza uji kwa kupuliza, akampeleka shule na kaptula aliyoishona kwa kitambaa cha pazia, maua yakiwa upande wa makalio. Alipoolewa alikwenda naye. Marehemu mumewe alizoea kusema kwamba yeye alioa mke mmoja akaletewa na mtoto aliyekaribia kuota ndevu. Wao wenyewe hawakujaliwa kupata mtoto. Kwa hiyo Kipaza alikuwa mdogo wake na mwanawe kwa pamoja, na tangu mume alipotangulia mbele ya haki alikuwa ndiye mtu wake pekee duniani. Ndiye aliyemwezekea nyumba paa jipya. Ndiye aliyempigia simu kila kukicha kumwuliza ameamkaje, na asiporidhika na sauti yake alifunga safari kuja kumwangalia.

Jina la Kipaza alilipata utotoni kwa ajili ya koo lake. Akiita mbuzi, wa jirani nao walikuja. Sasa koo hilo lilikuwa linaomba ubunge.

Na hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana katika kanisa lile kulikuwa na desturi, na mwenye kuianzisha alikuwa Mama Pindo mwenyewe. Zamani, kila uchaguzi ulipokaribia, wanasiasa walikuja kusali wakiwa wamesahau hata upande wa kukaa, wakapewa kipaza sauti wasalimie, na salamu zao zikaendelea mpaka watoto wakalala na mchungaji akaanza kuangalia kucha zake. Mama Pindo, kama mwenyekiti wa kina mama, akasema basi. Kuanzia hapo mgombea yeyote aliyetaka kuombewa mbele ya waumini alipitia kwanza kwa kina mama, Jumamosi alasiri, chumba cha nyuma ya madhabahu, mahali panapotundikwa majoho ya kwaya. Kina mama walikuja na sindano zao wakarekebisha majoho huku wanasikiliza, kwa sababu Mama Pindo alisema mkono ukiwa na kazi sikio linatulia. Mgombea alikalishwa kwenye benchi la kwaya ya watoto, ambalo ni fupi, magoti yakamkaribia masikio. Mtu akikaa hivyo hupungukiwa na hotuba.

Maswali yalikuwa mawili tu. La kwanza: uhai wa mtu ni wa nani? Hilo wote walilijua. La pili ndilo lililowatoa jasho: aseme pale chumbani alichokisema jukwaani, kwa maneno yale yale na sauti ile ile. Mama Pindo alishikilia kwamba maneno ya jukwaani ni kama kitambaa cha dukani, chini ya taa kila rangi inapendeza, kilete nyumbani ukitazame juani.

Aliyefaulu aliombewa kesho yake, kina mama wakimwekea mikono kichwani. Aliyeanguka hakutukanwa. Alipewa soda baridi, akashukuriwa kwa kuja, akasindikizwa mpaka getini. Basi mtaani "kunywa soda ya kina mama" likawa neno zito. Kuna mgombea udiwani mmoja tangu siku ile hakugusa soda tena, hata harusini alikunywa maji, na watu walimwelewa.

Mwaka ule aliyekwisha kuinywa alikuwa mkunga wa zahanati, mpinzani wa Kipaza. Mkunga alisema redioni kwamba mwanamke asiyekuwa tayari kwa mimba aachiwe aamue mwenyewe. Alipoambiwa arudie, alirudia bila kupepesa, akaeleza na mambo aliyoyaona kwenye chumba cha kujifungulia, mpaka Mama Pindo akafuta macho kwa pindo la joho. Lakini neno la mwenyekiti lilibaki pale pale. Alimwambia: mwanangu, uliowapokea kwa mikono yako ni wengi, Mungu akulipe, ila na huyo wa tumboni ana mwenyewe. Ulilisema redioni, ukilifuta redioni urudi tukuombee. Mkunga akanywa soda yake mpaka tone la mwisho, akaaga kwa heshima, akaenda zake. Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Kipaza.

Sasa ilikuwa zamu ya Kipaza. Kila mtu alijua ni kukamilisha taratibu tu. Nani angempa soda ndugu wa mwenyekiti?

Wiki ile swali la fundi lilimganda Mama Pindo kama kupe. Alijaribu kuliombea. Alimweleza Mungu hali ya mdogo wake, moyo wake mzuri, paa alilomwezekea, na Mungu akanyamaza kama mtu ambaye amesikia vizuri na anasubiri umalize. Akarudi dirishani kwa fundi, akamwambia Kipaza alimaanisha wezi sugu tu.

Fundi akauliza kwa upole kama siku hizo watu wakishaokota mawe kuna anayeuliza cheti cha usugu. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kumwacha jirani aaibike peke yake, akakiri kwamba hata kwao ni yale yale. "Sisi mwanasiasa tunamwuliza kama anafunga. Akisema anafunga, hatumwulizi tena anamfunga nani. Mkuki kwa nguruwe, dada. Na pale uwanjani usidhani sikuwepo. Niliitikia mpaka sauti ikakauka."

Jumamosi ikafika. Mama Pindo aliketi katikati, joho magotini. Kushoto alikaa Mama Besi, ambaye akiimba madirisha yalitetemeka, na ambaye alikwisha kuchagua wimbo wa kumwombea Kipaza. Kulia alikaa Mwalimu Mstaafu, mwanamke mwembamba aliyezoea kunyoosha kidole hata akiwa peke yake. Pembeni alikaa mchungaji. Mchungaji alikuwa mtu wa amani, na amani yake ilikaa kooni: jambo likiwa gumu, alikohoa. Mezani kulikuwa na chupa moja ya soda, iliyobaki siku ya mkunga, na hakuna aliyeitazama.

Kipaza aliingia akiwa ndani ya suti, akawaacha wapambe wake uani na filimbi zao. Akawaamkia mama zake wote, akapiga goti mbele ya dada yake, akajikunja kwenye benchi la watoto bila kulalamika. Mama Besi akasema mtoto mwenye adabu huonekana.

Swali la kwanza alilijibu akafanya na mahubiri mafupi. Uhai ni wa Mungu, toka mimba inapotunga, na yeye akiingia bungeni hatakubali sheria ya kuua watoto wasio na sauti. Mchungaji akasema amina, Mama Besi akasema amina ndefu zaidi, na Mama Pindo naye akasema amina, kwa moyo, kwa sababu ilikuwa kweli.

Mwalimu Mstaafu akanyoosha kidole akamwambia sasa awarudishie jukwaa. Kipaza akauliza jukwaa lipi, la barabara au la maji. Mwalimu akasema lolote, baba.

"La uwanja wa mpira," akasema Mama Pindo, macho kwenye sindano.

Kipaza akatabasamu, maana hilo ndilo lililokuwa tamu kuliko yote. Akainuka, chumba kikawa kidogo. Akarekebisha tai, akanyanyua mkono, akalifungulia lile koo.

"Mwizi akikamatwa?"

"Asifike kituoni."

Lilitoka kama radi. Mama Besi alilitoa toka tumboni. Mwalimu Mstaafu alilisindikiza kwa kidole. Na kulikuwa na sauti ya tatu, kali, ya furaha, ambayo Mama Pindo alitafuta ni ya nani, akageuka kushoto na kulia, mpaka akagundua ni yake. Mkono wake ulikuwa juu, na sindano ikining'inia kwenye uzi. Mchungaji naye alikwisha kufika "asifi", ndipo kikohozi kikamwokoa.

Nje, wapambe waliposikia, wakadhani ndiyo maombi yenyewe, wakaitikia mara ya pili na filimbi juu.

Ndani, Mama Pindo aliushusha mkono taratibu, kama mtu anayemrudisha kuku wa watu. Alijitazama. Yeye, mwenye maswali mawili, aliyempa mkunga soda, alikuwa ameketi nyuma ya madhabahu akiitikia mtu auawe, tena amepatia na mapigo.

"Asipofika kituoni," akauliza, "anafika wapi?"

Kipaza akacheka kidogo. Akasema dada, hayo ni maneno ya kuchangamsha mkutano, na watu wamechoka kuibiwa. Mama Pindo akasema anajua, hata yeye cherehani yake ya kwanza ilipitishwa dirishani. Lakini bado anauliza, huyo mtu anafika wapi. Mwalimu Mstaafu, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuacha swali likae hewani, akasema kwa sauti ndogo kwamba anafika mochwari.

Mama Besi hakuridhika. Akasema jamani, tusichanganye mambo, huyu ni mtu anayepinga utoaji mimba, basi yuko upande wa Mungu.

"Namshukuru Mungu kwa hilo," akasema Mama Pindo. "Kwa hiyo atamlinda mtoto miezi tisa, halafu akitoka amsubiri mlangoni na rungu."

Mwalimu akanong'ona kwamba wasipomwombea Kipaza, mkunga atapita. Mchungaji akakohoa, akashauri labda waombe kwa ujumla, bila kutaja jina wala kuweka mikono, ili kila upande ubaki na amani. Mama Pindo akamwuliza kama mkunga naye walimwombea kwa ujumla. Mchungaji akatafuta jibu, akatafuta na mahali pa kuweka mikono, akaiona ile soda, akaifungua akainywa yeye.

"Kura atahesabu mwenye kuhesabu," Mama Pindo akaendelea. "Mungu hakutuomba tumsaidie kuvusha mtu. Alituomba tuseme kweli. Tumemwambia yule kwamba uhai si wake wa kuutoa. Huyu tumwambie nini, kwamba yeye ni ndugu yangu?"

Kipaza alikuwa amekaa tena, magoti masikioni, na lile koo limeshuka mpaka likawa la mtu wa kawaida. "Dada," akasema. "Mbele za watu?"

Mama Pindo akamtazama, naye Kipaza akayaelewa yale macho akaanza kujifuta paji la uso. Maana kulikuwa na jambo ambalo waliokuwa mle ndani hawakulijua, la huko walikokaa kabla ya kuhamia mtaa ule. Kipaza alipokuwa kijana wa kubalehe aliiba jogoo sokoni. Alimficha ndani ya shati, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akaanza kutoka taratibu kama mtu mwenye tumbo la kuuma. Alipofika kwa muuza samaki, jogoo akawika. Mtu mzima angesema ni jogoo wa jirani, lakini Kipaza alisimama akaziba mdomo wake mwenyewe. Watu wakacheka, na kabla kicheko hakijaisha walikuwa wamekwisha kuokota mawe. Mama Pindo, bi harusi wa juzi, alikimbia na kanga moja, akamlalia juu, akawaambia waanzie kwake. Wawili watatu walianza kweli. Pale chini ya bega la kulia mpaka leo panamwuma mvua ikikaribia. Ndipo akaja polisi mzee na baiskeli yake, akawatawanya, akamchukua kijana, akaenda naye kituoni, huku jogoo anawika njia nzima.

Neno moja tu, jogoo, na kampeni yote ingegeuka kicheko. Mama Pindo alikuwa nalo kwenye ulimi. Akalimeza.

"Mdogo wangu," akasema, "wewe umefikaje hapa ulipo?"

Mama Besi alifungua mdomo kueleza kwamba kafika na gari, akaona nyuso zao, akaufunga.

Kipaza akaanza kubembeleza, na aliyebembeleza hakuwa mgombea tena, alikuwa yule wa kaptula ya maua. Akasema atalifuta hapa hapa, mbele ya mchungaji, hata kwa kiapo. Mama Pindo akatikisa kichwa.

"Ulilisema uwanjani, kalifute uwanjani. Ukirudi, mkono wa kwanza kichwani pako utakuwa wangu. Usiporudi, hatukuombei. Na sisi tulioitikia, kesho tutasimama mbele ya waumini tuseme tuliitikia."

Mama Besi akashtuka, akasema yeye aliitikia kwa sauti ya chini.

"Hiyo yako ya chini ndiyo iliyofika mbali," akaambiwa. Mchungaji akakohoa, ila safari hii akainua mkono kidogo, kuonyesha kwamba na yeye yumo, nusu.

"Nikilifuta nimekwisha," akasema Kipaza. "Lile ndilo linalowatoa watu majumbani. Watasema nimeogopa kanga ya dada yangu." Akasogea mbele, benchi likalia. "Sikia, dada. Mimi ndiye niliyekubakia. Mimi peke yangu. Ukinitoa hapa leo, unabaki na nani?"

Hilo Mama Pindo alikwisha kujiuliza wiki nzima, na jibu alikuwa nalo. Akaichomeka sindano kwenye joho.

"Nitabaki peke yangu," akasema. "Lakini nilikulalia juu ukiwa mwizi, baba. Siwezi kukuwekea mikono uwarushie mawe wenzako."

Mwalimu Mstaafu akawatazama wote wawili, na kwa mara ya kwanza kidole chake hakikujua kielekee wapi.

Kipaza akasimama. Akarekebisha tai iliyokuwa imekaa sawa. Akafungua mlango. Uani filimbi zikalipuka, na mpambe mmoja mwenye kiherehere akanyanyua mkono akaanza mwenyewe, mwizi akikamatwa, wenzake wakaitikia mpaka njiwa wakaruka juu ya paa, kisha wote wakamgeukia bwana wao aendeleze. Kipaza akapita katikati yao. Akalipita na gari lake, lililokuwa limefunguliwa mlango likimsubiri, akatoka getini kwa miguu.